Je, mtoto wetu anakufuru akijifunza nadharia ya mageuko ya viumbe?

SWALI: Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wetu. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Bombo, hapa Uganda. Mwanangu wa pili yuko kidato cha tano na anasoma biolojia. Likizo hii alirudi na daftari lenye somo la mageuko ya viumbe. Baba yake alipoona mchoro wa sokwe na binadamu katika ukurasa mmoja alilifunga daftari lile, akalificha, na akasema kwamba mtoto akiyaandika mambo hayo katika mtihani atakuwa ametoka katika Uislamu. Mtoto naye anasema asipoyaandika atafeli. Tangu siku hiyo hawali sinia moja. Naomba kujua kwa nini jambo hili linawachoma watu wa dini kiasi hiki, na mwanangu afanye nini.

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake.

Dada yangu, nitaanza na hilo linalokukosesha usingizi. Mwanafunzi anayeeleza katika karatasi ya mtihani yale aliyofundishwa hajatoka katika Uislamu, kwa sababu kuieleza kauli si kuiitakidi. Qur'ani yenyewe imetunukulia maneno ya Firauni aliposema kuwa yeye ndiye mola wao mkuu, na sisi tunayasoma maneno hayo ndani ya sala, tena kwa thawabu. Mume wako ameshikwa na ghera juu ya dini yake, na ghera hiyo ni njema, lakini hukumu ya kumtoa Mwislamu katika dini ni nzito mno. Haitolewi sebuleni kwa sababu ya mchoro wa daftarini.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo ndilo refu. Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alichapisha kitabu alimodai kwamba viumbe huzaa wengi kuliko wanaoweza kuishi, kwamba watoto hao huzaliwa na tofauti ndogondogo, kwamba wenye tofauti inayowafaa mahali walipo ndio huishi na kuzaa zaidi, na kwamba tofauti hizo zikijilimbikiza kwa vizazi vingi sana hutokea aina mpya ya kiumbe. Katika kitabu hicho karibu hakumgusa mwanadamu. Alimleta katika kitabu kingine cha mwaka 1871, na hapo ndipo moto ulipowaka zaidi.

Ukisikiliza ugomvi wenyewe unavyofanyika misikitini na majumbani kwetu, utaona kwamba mara nyingi unaanzia kwenye neno moja kabla ya hoja yoyote kutajwa, nalo ni neno nyani. Katika Kiswahili chetu nyani ni mwizi wa mahindi, methali zimemfanya mfano wa asiyejiona, na kumwita mtu nyani ni tusi la kupigania. Tena aliyehifadhi Surat Al-Baqara anakumbuka wale waliovunja Sabato wakaambiwa wawe manyani wadhalilifu, kwa hiyo sura hiyo kwake ni sura ya adhabu. Mtu wa namna hii akiambiwa kwamba babu yake alikuwa nyani, anasikia kuwa ametukanwa yeye na wazee wake wote, na ukweli ni kwamba wataalamu wenyewe hawasemi hivyo: wanasema kwamba binadamu na sokwe wa leo wana asili moja ya zamani sana, iliyokwisha toweka.

Nakiri kwamba na mimi nimewahi kuteleza hapo. Miaka mingi iliyopita nilisimama juu ya mimbari nikauliza kwa sauti kubwa: kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo? Watu walicheka na mimi nikaridhika. Baada ya sala mwalimu mmoja wa biolojia, Mwislamu mwenye kuswali safu ya mbele, alinifuata taratibu akaniuliza: "Sheikh, kama Wanubi wa Bombo walitoka Sudan, mbona Sudan bado kuna watu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hoja ile niliiacha siku hiyohiyo, na ninamwomba kila khatibu anayesoma haya aiache, kwa sababu kijana aliyesoma akiisikia hudhani kwamba dini yote imesimama juu ya hoja za namna hiyo.

Juma lililofuata mwalimu yule aliniletea nkejje wabichi watatu ndani ya beseni, samaki wale wadogo ambao Waganda huwabanika kwenye vijiti na kuwapa watoto waliodhoofika. Kwangu walikuwa samaki wa aina moja tu. Akafungua midomo yao kwa njiti ya meno: mmoja alikuwa na meno mafupi manene ya kupondea konokono, wa pili meno madogo yaliyopangana kama brashi kwa kukwangua ukungu wa kijani juu ya mawe, na wa tatu alikuwa na mdomo mrefu wenye meno makali kwa sababu chakula chake ni samaki wenzake. Akanieleza kwamba Ziwa Victoria lina, au lilikuwa na, aina zaidi ya 500 za samaki wa ukoo huo, na kwamba ziwa hilo lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa tena. Akanitajia pia ziwa dogo la Nabugabo upande wa Masaka, lililotengwa na Ziwa Victoria kwa ukingo wa mchanga miaka elfu chache tu iliyopita, na ndani yake mna aina za nkejje zisizopatikana popote pengine duniani.

Nilimuuliza mwalimu kama kuna aya inayokataa jambo hilo, akanitazama, kwani mwenye kupaswa kujua alikuwa mimi. Nikarudi kwenye vitabu, na nikaona kwamba hakuna. Mwenyezi Mungu anasema katika Surat An-Nur kwamba ameumba kila kinyama kutokana na maji, na katika Al-Ankabut anatuamuru tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Hakutuambia kwamba samaki wa Nabugabo aliumbwa peke yake siku fulani. Ambapo matini imenyamaza, Mwislamu hana wajibu wa kukanusha. Anawaachia wenye fani waseme kwa dalili zao, na dalili zao zikiwa dhaifu watajirekebisha wao kwa wao. Umri wa dunia nao ni hivyohivyo. Askofu Ussher wa Ireland, katika karne ya 17, alihesabu kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Nabii Isa, na wapo ndugu zetu Wakristo wanaoishika hesabu ya namna hiyo mpaka leo, ingawa Kanisa Katoliki halikuifanya itikadi, na Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Sisi hatuna kalenda kama hiyo ya kuitetea. Lilipotangazwa mwaka 2011 fuvu la sokwe wa kale kutoka Napak, Karamoja, lenye umri wa takriban miaka milioni 20, halikuvunja aya yoyote.

Lakini usidhani, dada yangu, kwamba wanaochukizwa na somo hili wanachukizwa kwa ujinga tu. Kuna jeraha ndani yake. Katika nchi yetu shule za mwanzo nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazee wetu wengi walikataa kupeleka watoto huko kwa sababu waliona mtoto akiondoka na jina la Musa akirudi na jina jingine. Ikawa kila kilichotoka ndani ya mfuko wa shule kinatazamwa kwa shaka. Zaidi ya hapo, kulikuwa na Wazungu walioichukua nadharia hii wakapanga watu ngazi kwa ngazi, wao wakijiweka juu na Mwafrika wakimweka karibu na mnyama. Mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, kijana aitwaye Ota Benga, wa jamii ya watu wafupi wa misituni kutoka Kongo, nchi jirani yetu, aliwekwa katika nyumba ya manyani pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Waliopaza sauti ni wachungaji weusi wa mji ule, na mmoja wao alilalamika kwamba maonyesho hayo yamekusudiwa kuitangaza nadharia ya Darwin. Mwafrika anayekunja uso akisikia jina hilo ana sababu. Insafu hata hivyo inatulazimu kusema kwamba Darwin mwenyewe aliwahesabu watu wote kuwa ni aina moja yenye asili moja, na kwamba wanasayansi wa leo wanasema asili ya binadamu wote, huyo aliyelipa kiingilio na huyo aliyefungiwa, ni Afrika.

Baada ya hayo yote yanabaki mambo mawili ambayo ndiyo kiini, na hapa sina ruhusa ya kulegeza. La kwanza ni Adam, amani iwe juu yake. Mwenyezi Mungu amesema katika Surat Aal Imran kwamba mfano wa Isa kwake ni kama mfano wa Adam: alimuumba kwa udongo, kisha akamwambia kuwa, basi akawa. Hoja yote ya aya hii ni kwamba Isa hakuwa na baba, na Adam hakuwa na baba wala mama. Ukimpa Adam wazazi, mfano unavunjika. Katika Surat Sad Iblisi anaulizwa kilichomzuia kumsujudia yule ambaye Mola amemuumba kwa mikono Yake. Wanazuoni wengi wamezichukua aya hizi kwa dhahiri yake, na mimi ni pamoja nao. Wapo waliofungua mlango kidogo: Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Lebanon, katika risala yake ya mwaka 1888, alisema kwamba tunashika dhahiri ya matini maadamu haijaja dalili ya kukata, na kwamba dalili kama hiyo ingekuja, matini zingeweza kufasiriwa bila imani kubomoka, maadamu Muumba ni Mwenyezi Mungu. Yeye hakuona kwamba dalili hiyo imekuja. Nami nasema kwamba kuumbwa kwa Adam ni jambo la ghaibu lililotokea mara moja kwa amri, kama Isa alivyozaliwa bila baba, na sayansi inayochunguza mazoea ya maumbile haina chombo cha kulithibitisha wala cha kulikanusha.

La pili ni neno "bahati". Vitabu vya shule husema kwamba mabadiliko katika jeni, yaani chembe za urithi, hutokea kwa bahati, na mwalimu asiye na dini huongeza kwamba basi hakuna aliyekusudia. Nyongeza hiyo si biolojia. Wale mabaharia waliopiga kura chomboni mwao, kura ikamwangukia Nabii Yunus, kwao ilikuwa bahati nasibu, na hakuna hesabu ambayo ingewaonyesha mapema nani atatupwa; kwa Mola wake ilikuwa kadari iliyokwisha andikwa, na samaki alikuwa anangoja. Mwanasayansi akisema bahati, anasema hawezi kutabiri. Akisema hakuna Mungu, amevua koti la maabara na anazungumza kama mtu mwingine yeyote.

Wanazuoni wetu waliyaona haya zamani. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, rehema na amani zimshukie, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume akawakataza, akasema kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu alichowaandikia wanafalsafa kuwapinga, aliandika kwamba anayedhani kuyakanusha maelezo ya wanafalaki kuhusu kupatwa ni sehemu ya dini, huyo ameikosea dini na kuidhoofisha, kwa kuwa mambo yale yana dalili za hesabu, na aliyeyahakiki akiambiwa kwamba yanapingana na sheria haitilii shaka hesabu, huitilia shaka sheria. Nenda ukamsomee mume wako maneno haya kwa upole, wakati ameshakunywa chai yake.

Kijana wako arudishiwe daftari. Katika mtihani aeleze nadharia kama ilivyo, kwa ukamilifu, bila kuchanganya khutba ndani yake, kwa sababu msahihishaji anapima kama amelielewa somo, wala haulizi imani yake. Akitaka moyo wake utulie aandike "wanasayansi wanaeleza kwamba", ambayo ni kauli ya kweli isiyo na lawama. Likija swali la Adam kutoka kwa wenzake, aseme kwamba anaamini alivyoambiwa na Mola wake. Na likimzidi, aje kwangu pamoja na baba yake, baada ya sala ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Nitamwita na yule mwalimu wa nkejje, ambaye bado anaswali safu ya mbele.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.