Jua la Pangani Halizami Baharini

Swali la wiki: Matokeo ya shindano la picha la mtandaoni, la watu wasio wataalamu, yakishatangazwa, yafaa kujadiliwa au uamuzi wa majaji uachwe kama ulivyo?

Ndugu Mhariri,

Yajadiliwe. Tena yajadiliwe palepale yalipotangazwa, majaji wakiwamo, si pembeni kwenye meseji za watu wawili wawili ambako ndiko fitina inakozaliwa. Shindano la wapenda picha halina fedha. Zawadi yake ni bando la intaneti, fulana, pengine jina lako kuandikwa kwa herufi kubwa kwa siku moja. Anayetuma picha anataka watu waitazame na wamwambie wameona nini. Ukimpa namba tu, "umekuwa wa kumi na nne", halafu ukafunga mlango, hujampa kitu.

Ila mjadala ninaousema mimi si ule tuliouzoea. Tuliouzoea huanza na "hapa tumepigwa" na kuishia kwenye kabila la jaji. Nitaeleza kwa mfano wa kundi letu la WhatsApp hapa Tanga, kwa kuwa ulikuwa mjadala mzuri ulioishia kwenye uamuzi ambao hadi leo siukubali.

Mada ilikuwa "Jioni ya Pwani". Picha iliyoshika namba moja ilikuwa ya ngalawa, tanga limejaa upepo, jua jekundu limekaa juu ya mstari wa maji, na chini yake maneno mawili: "Machweo, Pangani". Nzuri kwelikweli, nami niliipigia kura. Pongezi zilimiminika mpaka mwenzetu mmoja, mvuvi wa kurithi ambaye hupiga picha kwa simu akiwa kazini, alipouliza lini jua la Pangani lilianza kuzama baharini. Pale kundi zima likazinduka. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linatoka baharini asubuhi, na jioni huzama nyuma yako, upande wa mto na minazi. Anayetaka jua lizame majini aende Forodhani, Unguja, ambako mji unatazama magharibi, au kule Msasani upande wa ghuba.

Nusu ya kundi ikasema picha imeungwaungwa. Wengine wakasema ni akili mnemba. Yule mvuvi akawatuliza kwa hoja ambayo hakuna jaji angeifikiria: litazameni tanga, upepo unatoka bara kwenda baharini, ngalawa inatoka wala hairudi, na huo ni upepo wa alfajiri. Mwenye picha akaombwa faili halisi. Kwa bahati nzuri alilituma kama dokumenti, maana ukituma picha kwa njia ya kawaida WhatsApp huibana na kuzifuta taarifa zote zinazoandikwa na kamera: saa, lenzi, kasi ya shata. Faili likaonyesha ni saa kumi na mbili na dakika kadhaa, asubuhi. Hakuna kilichoungwa. Picha ni ya kweli, ya mawio, ila maelezo yaliandikwa "machweo" kwa kuwa mada ilidai jioni.

Admini akafunga kwa maneno matatu: "Picha ni picha." Ushindi ukabaki.

Mimi nasema ulipaswa kuondolewa. Mtu aliulizwa jioni akaleta asubuhi, na kwa kubadilisha neno moja akawashinda watu waliokaa ufukweni kwenye giza wakihangaika na mwanga hafifu, simu zao zikitoa chengachenga. Mwanga wa asubuhi juu ya bahari ni rahisi kuliko wa jioni upande huu wa pwani, kwa sababu jua linakuja mbele yako. Wale wa jioni walikuwa na kazi ngumu zaidi, na ndiyo kazi iliyoombwa. Lakini tazama mjadala ulichofanya: ulimsafisha mshindi na tuhuma ya kughushi, na hapohapo ukamkamata kwa kosa lake halisi. Bila mjadala, nusu ya kundi ingeendelea kumwita tapeli kimyakimya, na nusu nyingine ingeamini jua la Pangani huzama majini.

Wanaosema uamuzi wa majaji uachwe husahau kwamba hata mashindano makubwa yameokolewa na macho ya watu wa nje. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, la jumba la makumbusho la Natural History Museum, London, lilimpa ushindi wa 2009 mpiga picha wa Hispania, José Luis Rodríguez, kwa picha ya mbwa mwitu akiruka geti usiku. Watu wakatazama, wakauliza: mnyama wa porini, mwoga wa watu, kwa nini aruke geti badala ya kupenya katikati ya mbao? Mwanzoni mwa 2010 majaji wakaona kuna uwezekano mkubwa mnyama huyo alikuwa amefugwa na kufunzwa, jambo lililokatazwa na kanuni, na tuzo ikaondolewa. Mwenye picha alikana. Shindano hilohilo, katika matokeo ya 2017, lilimtuza Marcio Cabral wa Brazil kwa picha ya mnyama mla mchwa akikisogelea kichuguu kinachometameta usiku katika hifadhi ya Emas. Taarifa ikaja kutoka nje kwamba mnyama yule anafanana mno na mmoja aliyekaushwa na kuwekwa kwenye lango la wageni la hifadhi hiyo. Wataalamu watano wakapewa picha hizo, kila mmoja peke yake, wote wakasema ni mnyama mmoja. Aprili 2018 naye akanyang'anywa, na naye akakana.

Majaji wale si wajinga. Walikuwa na picha maelfu mezani na muda mchache, wakatazama mwanga na mpangilio wa fremu, kama inavyompasa jaji. Aliyewahi kupita kwenye lango lile na kumwona mnyama yule amesimama pale ndiye aliyekuwa na kitu cha kusema.

Hata mashindano madogo kabisa yana kisa chao. Mwanzoni mwa 2016 Nikon ya Singapore iliichagua picha ya ndege ya abiria, si ndege wa mabawa, iliyoonekana katikati kabisa ya ngazi, kana kwamba ilipita pale kwa miadi. Watazamaji wakaongeza mwangaza wa picha kwenye kompyuta zao, wakaona mraba kuizunguka ndege: imebandikwa. Kampuni ikaomba radhi. Zawadi, nasikia, ilikuwa begi.

Sasa akili mnemba imeongeza vurugu, na kwa pande zote mbili. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kipengele kimoja cha Sony World Photography Awards kwa kazi iliyotengenezwa na programu, akaikataa tuzo mwenyewe akisema alitaka kujua kama mashindano yamejiandaa. Mwaka uliofuata Miles Astray akafanya kinyume chake: aliingiza picha halisi ya heroe, aliyoipiga Aruba, kwenye kipengele cha picha za akili mnemba cha shindano liitwalo 1839 Awards. Ndege amejikuna tumbo, kichwa hakionekani, amebaki mpira wa waridi juu ya miguu miwili. Majaji wakampa nafasi ya tatu, umma ukampa ya kwanza, kisha akasema ukweli na kuondolewa. (Anayekaa karibu na Natron au Nakuru hangebabaika. Heroe wanajikuna hivyo mchana kutwa.)

Kuna fumbo jingine la matokeo ambalo watu huliita wizi wakati ni hesabu tu. Makundi mengi hupiga kura kwa alama 1 hadi 10, kisha huchukua wastani. Chukua picha iliyopigiwa kura na watu kumi. Wanane wameipenda sana, wakaipa 8 kila mmoja. Wawili imewachukiza, wakaipa 1. Jumla ni 66, wastani 6.6. Picha ya jirani haijamgusa mtu, haijamuudhi mtu, wote kumi wakaipa 7. Imeshinda, kwa 7.0. Ndiyo maana machweo na mitumbwi hushinda kila mwaka, na picha yenye wazo la ajabu huishia katikati ya orodha. Anayelalamika kwamba "watu wawili wameniangusha" huenda anasema kweli tupu. Dawa ipo: zipange alama kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Ile ya kwanza inapata 8, ya pili 7, na wale wawili hawana tena nguvu ya wanane. Lakini huwezi kuligundua hilo kama alama zenyewe zimefichwa. Kwa hiyo zitangazwe zote, bila majina ya waliozitoa.

Kura za "like" sina la kuzitetea. Kiungo kikishatupwa kwenye kundi la ukoo, la kwaya na la waliomaliza pamoja kidato cha nne, tunachopima ni ukubwa wa ukoo. Mwenye mashemeji wengi anashinda. Kama waandaaji wanazitaka kwa ajili ya kutangaza shindano, wazipe zawadi yake ya pembeni, waiite Chaguo la Watazamaji, na wasiichanganye na alama za majaji kwa asilimia za kubuni.

Na majaji? Kwangu hapa ndipo penye kiini. Jaji asiyeandika sababu anaukaribisha ugomvi. Sisemi insha, sentensi mbili zinatosha: "Tumeipa namba moja kwa sababu ya mkono wa muuza samaki na mwanga wa kibatari, udhaifu wake ni kona ya kushoto iliyojaa vitu." Mtu akishasoma hivyo, mjadala una pa kushika. Mashindano ya Wiki Loves Monuments, ya picha za majengo ya kihistoria kwa ajili ya Wikipedia, yaliyoanzia Uholanzi mwaka 2010, yana desturi hii: jopo lake la kimataifa hutoa ripoti na kueleza limeona nini kwenye picha zilizoshinda. Ndugu yake, Wiki Loves Africa, iliyoanza 2014, hutoa mada mpya kila mwaka, kwa mfano "Watu Kazini" mwaka 2017, na picha zote hubaki wazi, zilizoshinda na zilizoshindwa, pamoja na taarifa za faili zake. Yeyote anaweza kwenda kuzilinganisha. Hao wanaendeshwa na watu wa kujitolea, na wanaweza. Basi kundi la watu wa mtaa mmoja linashindwa nini?

Wapo wanaohofia kwamba mjadala utawavunja moyo wanaoanza. Nimeona kinyume. Katika shindano hilohilo la jioni kulikuwa na picha ya mtoto akiwasha kibatari kwenye meza ya samaki wa kukaanga. Ilikuwa karibu na mkiani, na kwa haki, maana ilikuwa imetikisika vibaya. Wakati wa kubishania jua, mtu akaitaja: hii ndiyo jioni hasa, ingekuwa kali tu. Watu wakaanza kumwelekeza dada aliyeipiga: egemeza kiwiko ukutani, gusa skrini penye mwanga wa kibatari, piga tatu mfululizo uchague moja. Hakuna aliyemwomba jaji ruhusa. Kama admini angefunga kundi usiku wa matokeo, dada huyo angebaki na namba yake ya mkiani na asijue kosa ni mkono, si jicho.

Kitu kimoja nisingependa kijadiliwe kwa kelele ni watu waliomo pichani, ingawa ndicho kinachostahili maswali mazito zaidi. Mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya picha ya HIPA, ya Dubai, ya dola 120,000, ilikwenda kwa picha ya mama wa Vietnam na wanawe, na mada ilikuwa Tumaini. Baadaye ikazuka picha nyingine inayoonyesha wapiga picha kadhaa wakiwa wamemzunguka mama huyo. Hoja ya watu ilikuwa kama alipangwa pale, na kama tumaini lililotuzwa ni lake au lao. Kwetu vilevile, bibi mwenye makunyanzi na mtoto mwenye kamasi ni tiketi ya ushindi, na mara nyingi hawajui hata kama picha ipo. Hilo liulizwe kabla: fomu ya kuingia iwe na swali, mtu huyu amekubali? Ukiliuliza baada ya ushindi, uso wa bibi wa watu umeshasambaa, na mjadala wenyewe unazidi kuusambaza.

Basi kanuni ningezipanga hivi, kama ningekuwa admini. Faili halisi liombwe kwa watakaoingia tano bora kabla ya kutangaza. Matokeo yatoke pamoja na alama na sababu. Siku tatu za kujadili, kila anayesema lolote ataje picha na aonyeshe anachokisema kipo wapi ndani ya fremu. Atakayemtaja mpiga picha badala ya picha, ujumbe wake ufutwe. Ushindi ubadilishwe pale tu kanuni au mada ilipovunjwa. Ladha isibadilishe kitu, hata kundi zima likilia, kwa sababu majaji walipewa kazi hiyo na wameifanya. Siku ya nne, mada mpya.

Msomaji wenu, Tanga