Websaiti ya duka: kabla hujamlipa dizaina soma yaliyonikuta mimi

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Una duka la mapazia na mashuka Kariakoo, umeletewa makadirio matatu ya kutengenezewa websaiti, la laki tatu, la milioni moja na laki mbili na la milioni nne, sasa unauliza uchukue lipi upate kitu ambacho wateja watakitumia kweli na sio pambo. Wakuu hapo juu wameshakutajia WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, na majina mengine ambayo nadhani yamekuchanganya zaidi. Mimi sio mtu wa IT, nina karakana ya fenicha Keko, vitanda na makabati, na nimeshatengenezewa websaiti mbili, ya kwanza ilikufa na aibu yake na ya pili ndo inaniletea wateja mpaka leo, kwahiyo nakujibu kama mfanyabiashara mwenzio.

Ya kwanza ilikuwa 2019. Kijana alinionyesha kwenye laptop yake kubwa, ofisini kwake, WiFi inakimbia, mbele kabisa slaida ya picha 5 zinapita zenyewe, chini yake maneno ya Kiingereza kwamba sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora na ubunifu, dira yetu, dhamira yetu, picha yangu nimevaa tai. Kwa kweli nilijisikia mkurugenzi. Nikalipa siku hiyohiyo.

Miezi minne ikapita, simu hata moja haijaingia kupitia websaiti. Nikawa nalaumu wateja, eti Wabongo hawajazoea mambo ya mtandao. Sasa siku hiyo shangazi yangu kaja kutoka Tanga, anatafuta kitanda cha binti yake anayeolewa, nikamwambia shangazi usihangaike kuzunguka humu ndani na vumbi la randa, kaa hapa kwenye benchi ufungue websaiti yangu uchague kwa raha. Ana itel yake kioo kimepasuka kona, bando la wiki. Nikamwandikia anwani, akabonyeza, tukasubiri. Ikaja nyeupe tupu. Tukasubiri tena. "Mwanangu, ndo hii?" Nikamwambia bado inakuja. Ikatokea nusu kitanda, afu kitanda kizima, akapeleka kidole akibonyeze akione vizuri, slaida ikapita, kikaja kabati. "Kimeenda wapi kile?" Akarudi nyuma akajikuta ametoka nje kabisa, tukaanza upya, na bando linakatwa.

Mara ya pili nikajilazimisha kukaa kimya. Akateremka chini akaikuta dira, akaikuta dhamira, akanikuta mimi na tai akacheka, akaendelea mpaka mwisho kabisa ambako namba ya simu imeandikwa kwa kijivu juu ya nyeupe, herufi kama mchele, na tulikuwa kwenye mwanga wa saa saba mchana. Akaisogeza simu karibu na macho. Akaibonyeza namba, haikufanya kitu, maana ilikuwa ni picha ya namba. Basi akaniomba kalamu. Yaani mtu ana simu mkononi, namba iko kwenye hiyohiyo simu, anaomba kalamu aiandike kwenye kiganja ili aje aipige. Na bado akauliza, "bei yake iko wapi?" Haikuwepo, nilikuwa nimeandika wasiliana nasi kwa bei. Akanitazama, "sasa si ungenionyesha tu vyenyewe hivyo hapo nje?"

Hiyo dakika kumi na shangazi imenifundisha kuliko dizaina wote niliokutana nao. Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba Mdenmark mmoja, Jakob Nielsen, mtu wa haya mambo ya kurahisishia watumiaji, aliandika mwaka 2000 kuwa ukiwaketisha watu 5 tu wakajaribu kitu chako unaona sehemu kubwa ya matatizo yake. Mimi wa kwanza tu alitosha kunivua nguo. Kwahiyo kabla hujalipa salio, tafuta mtu asiyekujua sana, mpe simu yake mwenyewe na bando lake, mwambie "nitafutie shuka la 6 kwa 6 na uniambie bei yake na duka liko wapi", afu ufunge mdomo. Ukimsaidia hata neno moja umeharibu.

Sasa hili la bei nataka nilisemee kwa kirefu maana ndo ugonjwa wetu. Njoo DM, njoo inbox, bei maelewano. Tunajidai tunaficha bei washindani wasiione, wakati jirani yako anamtuma kijana wake anakuja dukani kuuliza kama mteja na anaondoka nazo zote. Anayefichwa kweli ni mteja mwenyewe, na mteja akikosa bei haulizi, anadhani ni ghali na anapita. Mimi kwenye ya pili nikaweka bei kwenye kila kitanda, mninga yake, mkongo yake, paini yake, futi 5 kwa 6 na 6 kwa 6, na tarehe kwamba bei hizi ni za mwezi fulani maana mbao zinapanda. Meseji za "bei?" zikapungua sana, zikaja za "nikilipa nusu leo kitakuwa tayari lini". Kuna Mtanzania yuko Muscat alimnunulia mama yake kitanda bila kukanyaga Keko, kasoma bei, kasoma na gharama ya kusafirisha ambayo nimeiandika kabisa, kaja WhatsApp na maswali mawili tu. Huyo asingeanza kupiga simu ya kimataifa kuuliza bei ya vitanda kumi. Kwako wewe bei ya pazia inategemea mita na ushonaji, najua, basi andika mfano, dirisha la mita 2 pazia nzito na nyepesi pamoja na fimbo na fundi wa kufunga ni kiasi gani, mtu atajipigia hesabu ya nyumba yake.

Picha nazo. Kijana wa kwanza aliniwekea sofa za Ulaya alizozitoa mtandaoni, nikapata mteja mmoja kaja na hiyo picha anataka hiyohiyo, mimi hata kile kitambaa sijawahi kukishika. Piga zako, mchana, mlango wazi, na usipige pazia limekunjwa kwenye mfuko, piga likiwa limening'inia kwenye dirisha la nyumba ya mteja aliyekuruhusu. Ila usizipandishe kama zilivyotoka kwenye simu! Picha ya simu za siku hizi ina MB 3, 4, 5, na ile slaida yangu peke yake ilikuwa zaidi ya MB 20, ndo maana bando la shangazi lilikuwa linalia. Punguza upana mpaka pikseli 1200 hivi, hifadhi kama WebP, aina ya faili jepesi la picha, Google wana kitu cha bure kinaitwa Squoosh kinafanya hiyo kazi, picha inashuka mpaka KB 100 na kitu na kwa macho huoni tofauti. Na slaida usikubali kabisa, hata akikubembeleza. Picha moja nzuri iliyotulia inatosha.

WhatsApp sasa, hapa kuna kautundu. Usiweke tu namba. Linki inaandikwa wa.me/ afu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele (wengi wanakosea hapo, linki inagoma, hawajui kwanini), na hiyo linki inaweza kubeba maneno. Kwahiyo kila kitanda changu kina kitufe chake, mtu akibonyeza inafunguka WhatsApp imeshaandikwa "Naulizia kitanda namba 7", yeye anatuma tu. Kabla ya hapo nilikuwa napokea "mambo, nimependa ile ya brauni", na vitanda vyangu vyote ni vya brauni. Namba ya kawaida nayo iwe ya kubonyeza ikapiga, na vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba cha mtu mzima aliyesimama kwenye daladala.

Fomu ya mawasiliano mimi nimeifuta. Ile ya kwanza ilikuwa inatuma kwenye imeili ambayo sikuwahi kuifungua, siku nimekumbuka nywila nikakuta meseji 41, nyingine za miezi minane nyuma, mmoja alikuwa anatafuta madawati ya shule nzima. Sitaki hata kulikumbuka.

Lugha: Kiswahili kwanza. Kama una wateja wageni weka na Kiingereza pembeni, lakini anayetafuta Google anaandika "bei ya mapazia ya sebuleni", haandiki maneno ya dira na dhamira. Mimi majina ya kurasa zangu nimeyaandika vilevile watu wanavyouliza dukani, na ndo zinazoonekana. Kiukweli kama huna muda wa hili unaweza kubaki na Instagram tu, sio dhambi, ila Instagram anakuona zaidi anayekufuata tayari au anayepitapita tu, huyu wa Google anakuja na nia ya kununua leo.

Maelekezo ya kufika, usiandike "Kariakoo, Dar es Salaam" ukadhani umemaliza, Kariakoo mtu anapotea akiwa hatua kumi kutoka kwako. Andika mtaa, jengo, ghorofa, jirani na nani, shukia kituo gani, na piga picha ya mlango wenyewe ukiwa umesimama barabarani. Jisajili na kwenye ramani ya Google, ni bure.

La domeini, yaani lile jina la anwani ya websaiti, ndo lililoniua ile ya kwanza. Kijana alisajili kwa jina lake na imeili yake, akahamia Mwanza, akabadili namba, mwaka ukaisha haikulipiwa, asubuhi moja websaiti haipo, na mimi sina hata karatasi ya kuonyesha kwamba ni yangu, wakati jina hilo limeshachorwa kwenye gari. Gari tukalipaka rangi upya. Kwahiyo domeini isajiliwe kwa jina lako, imeili yako, kama ni .co.tz pitia kwa wakala anayetambuliwa rasmi kusajili majina ya .tz, na nywila zote ubaki nazo wewe. Muulize pia kuhusu https, ule ulinzi wa mawasiliano kati ya simu ya mteja na websaiti, shirika la Let's Encrypt linatoa cheti chake bure, asikutoze hela kubwa kwa hiyo. Bila hiyo Chrome toka 2018 inamwandikia mgeni kwamba websaiti sio salama, na mtu akiona hivyo hata Lipa Namba yako anaiogopa.

Mengine madogomadogo, toa ofa zilizoisha, mimi ofa ya Iddi ilikaa mpaka Desemba mteja akanikomalia nimpe.

Kuhusu yale makadirio yako: la milioni nne achana nalo, duka lako halihitaji mtu kufungua akaunti na nywila ili anunue shuka. Kati ya hayo mawili usiangalie bei kwanza. Kila mmoja mwambie akupe websaiti mbili alizotengeneza zaidi ya mwaka mmoja nyuma, uzifungue kwenye simu yako, data yako, ukiwa hapohapo dukani na sio kwenye laptop yake, afu wapigie wenye hizo biashara uwaulize domeini iko kwa jina la nani. Mmoja wao nahisi atapotea hapo. Ukishatengenezewa weka linki humu, mimi ile itel ya shangazi ninayo, aliniachia siku nimemnunulia nyingine.