Kupoteza kumbukumbu katika The Rook: hila au hoja?

Umeuliza kama kupoteza kumbukumbu katika The Rook, riwaya ya Daniel O'Malley (2012), ni hila tu ya kumwelezea msomaji idara ya siri. Hila imo, sikatai: mhusika mkuu anazinduka mvuani jijini London akiwa amezungukwa na maiti waliovaa glavu, hajijui, na mfukoni ana barua ya yule aliyekuwa akiishi ndani ya mwili huo kabla yake, hivyo tunajifunza pamoja naye kuhusu Checquy, idara ya Uingereza inayopambana na mambo ya kimiujiza na ambayo vyeo vyake vimetokana na kete za sataranji.

Hata hivyo, riwaya inakwenda mbali zaidi. Myfanwy Thomas aliyeandika barua hiyo, aliyetabiriwa msiba wake mapema na kuacha maelezo ya kina, alikuwa msimamizi hodari wa kazi za ofisini lakini mwoga wa watu na hata wa uwezo wake wa kuitawala miili ya wengine, ilhali mrithi wake, yaani yule aliyezinduka katika mwili huo, anautumia bila haya na anamhesabu mwandishi wa barua kuwa mtu mwingine kabisa, aliyekufa, anayestahili kuombolezewa na kulipiziwa kisasi. Hapo ndipo ujasusi unapofaa, kwa kuwa inambidi aigize utu wake mwenyewe mbele ya wenzake, na miongoni mwao kuna usaliti. Udhaifu ninaouona ni urefu wa baadhi ya barua, ambazo huikatiza mbio ya kisa pale kinapopamba moto.