Ribiti zinazolala upande kwenye mbavu za bawa

Habari ndugu. Shida yako ni kwamba ribiti za inchi 1/8 kwenye mbavu za bawa la RV-7, ndege ya kujiundia mwenyewe, zinalala upande ukizigonga, ingawa kichwa cha nje kinakaa vizuri.

Pima urefu kwanza. Kabla ya kugonga, mkia (ncha ya ribiti inayotokea upande wa pili wa bati) utokeze mara moja na nusu ya kipenyo, yaani karibu mm 4.8. Ukizidi sana, utalala tu, hata fundi awe nani. Urefu ukiwa sawa, tazama mkono unaoshika chuma cha nyuma, kile kinachokandamizwa kwenye mkia wakati wa kugonga. Ndani ya bawa unapapasa bila kuona, na chuma kikiinama kidogo tu mkia unafuata. Mtafute mwenzio ashike, wewe ugonge, na upunguze hewa ya kompresa.

Kabla ya kung'oa, pima kichwa kilichofinyangwa, yaani kile mkia unachokuwa baada ya kugongwa: upana mm 4.8, unene mm 1.6. Kikiwa na vipimo hivyo na kimekaa sawa juu ya tundu, mimi hukiacha, maana kung'oa hupanua tundu. Ukilazimika, toboa katikati ya kichwa cha nje kwa biti namba 30, usivuke kichwa, kivunje, kisha sukuma shina taratibu.

Bila picha siwezi kusema zako ni za kuacha. Piga za karibu, kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene) ionekane pembeni.