Sikupiga kelele: je, sheria itanisikiliza?

SWALI: Juzi jioni msimamizi wangu wa kazi alinibaka ofisini. Hapakuwa na shahidi, nami niliganda, sikupiga kelele. Nguo nimezifungia kwenye mfuko wa plastiki. Je, kesi yangu ina mashiko, au nitaishia kufukuzwa kazi tu? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Pole sana, dada. Kabla ya yote nenda hospitali leo hii, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na daktari atakayekupima ndiye atakayeandika ripoti ya kupelekwa mahakamani. Nguo usizifue, zihamishie kwenye mfuko wa karatasi, kwani unyevu uliofungiwa ndani ya plastiki huharibu ushahidi.

Kuganda kwa hofu si kuridhia. Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zinasema wazi kwamba ridhaa haidhaniwi kutokana na ukimya wa mwathirika, wala hazidai shahidi wa pili ili kosa la ngono lithibitishwe. Sheria za nchi hutofautiana, lakini kukosa shahidi wa macho, jambo la kawaida mno katika makosa haya, kusikuzuie kushtaki.

Kuhusu kazi, Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019 unazitaka nchi zilizouridhia kuwakinga walalamikaji dhidi ya kulipiziwa kisasi. Andika saa, mahali na maneno aliyokuambia ungali unayakumbuka, na usitie saini barua yoyote ya "kuyamaliza" kabla ya kuonana na wakili.