Chemchemi mbili, diatomu tofauti: kosa liko wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Darasa langu lilikwangua utelezi wa kahawia kwenye mawe ya chemchemi mbili, moja ya maji matamu huku vilimani, nyingine ya maji moto kando ya Ziwa Bogoria. Chupa zilipofika shuleni tulipima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, zikapishana kidogo tu. Mbona diatomu, yaani mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu, ni tofauti karibu zote?

Jibu: Mwalimu, hamkukosea chochote kwenye hadubini. pH peke yake haitoshi. Pimeni pia jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwani hapo ndipo wingi wa chumvi hujitokeza. Maji ya Bogoria hupita kwenye miamba ya moto ya volkano yakazoa sodiamu na bikabonati, yaani magadi. Diatomu ni seli moja tu. Ikizungukwa na chumvi nyingi hunyang'anywa maji yake. Zinazohimili ni chache, kama Anomoeoneis sphaerophora na Rhopalodia gibberula, ile iliyojikunja kama kipande cha chungwa. Huko kwenye maji matamu na safi tafuteni Achnanthidium minutissimum, kijiti kidogo mno ambacho mara nyingi hujaa kwenye jiwe zima.

Silika, madini kama ya kioo ambayo diatomu hujengea magamba yake, haiadimiki kwenye miamba ya volkano. Ila pH ikipita 9 silika huyeyuka upesi, na joto huongeza kasi. Gamba jembamba la seli iliyokufa hutoweka, nanyi mkadhani aina hiyo haikuwapo. Kwa hiyo, kabla ya kusafisha sampuli kwa hidrojeni peroksaidi, wekeni tone bichi kwenye kioo. Zenye rangi ya dhahabu ndani ndizo zilizokuwa hai.

Sasa hiyo pH ya shuleni. Maji hutoka ardhini yamebeba kaboni dioksaidi. Yakibubujika gesi huponyoka na pH hupanda. Ndani ya chupa njiani ni vivyo hivyo, kwa hiyo namba zenu si za chemchemi. Pimeni papo hapo, kwenye jicho la maji kisha hatua kumi kumi kuteremka, mkikwangua mawe matano kila kituo. Mtaona diatomu zikibadilika ndani ya mkondo mmoja.

Bogoria, tafadhali, wanafunzi wasisogelee macho yanayochemka. Diatomu hazipo hapo. Anzeni chini zaidi, kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 40.