Mama alipimwa presha akiwa amesimama

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mzazi mzee anameza dawa za sonona na hapati nafuu, familia ifanye nini?", limenigusa pabaya. Jibu langu la kwanza ni lile ambalo nina hakika mtalipokea kwa wingi: watoto warudi nyumbani. Mzee gani hatashikwa na mawazo akibaki na redio na mjukuu mmoja wa kumtuma dukani, wenzake wameshazikwa, na wanawe wanamjulia hali kwa kumtumia pesa kwenye simu? Kidonge hakikai barazani na mtu.

Ila na mimi niwaulize, maana swali lenu limeruka hatua. Mnasema dawa zimeshindwa. Nani kathibitisha?

Mama yangu yuko Pangani. Baba alipofariki, alianza kulalamika mwili unawaka moto, kichwa kizito, moyo unakwenda mbio usiku. Hakuwahi kutamka kwamba ana huzuni. Wazee wetu wengi ndivyo walivyo, watakutajia tumbo, mgongo na usingizi. Tulimpima malaria mpaka tukachoka. Hatimaye zahanati moja ikamwandikia amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja usiku, na mwaka ukakatika akiwa kwenye kidonge kimoja hicho hicho. Kila akirudi ni dirisha la wazee, kadi, pakiti ileile, kwaheri bibi. Kiasi hicho ndicho wanachopewa watu wenye maumivu ya neva au waliokosa usingizi. Kwa sonona ni dozi ya kuanzia tu. Mzee huanzishiwa kidogo na kupandishwa polepole, sawa, lakini wa kwetu hakupandishwa wala kubadilishiwa. Ikasemwa dawa imemshinda.

Halafu ikaja Idd, na hapa ndipo jibu langu la kwanza linapoanza kuniyumba. Sote tulirudi. Nyumba ilijaa, wajukuu mpaka chini ya meza, pilau ya kutosha mtaa mzima. Mama alilala ameuelekea ukuta. Wifi akampelekea sahani, akaikuta jioni ina nzi. Usiku akaamka kwenda chooni, akaanguka uani, paji la uso likapasuka. Shangazi mmoja akasema ni kijicho cha watu, kwa kuwa tumeonekana tumejaa na magari.

Tukampeleka Tanga mjini. Baada ya kushonwa, tukaelekezwa kliniki ya afya ya akili, na huko tukamkuta muuguzi mmoja, kijana mpole. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Akamlaza kitandani, akampima presha. Kisha akamwambia, "Sasa simama, bibi, taratibu," akampima tena akiwa ameniegemea. Ilikuwa imeshuka vibaya. Mama alifumba macho, akanishika mkono wa gauni. Muuguzi akaziandika namba zote mbili kwenye kadi, moja kando ya nyingine, akazipigia mstari. Tangu zahanati mpaka siku ile, mama alikuwa anapimwa presha akiwa amekaa.

Akauliza kama choo anapata, kama mkojo unatoka vizuri, kama mdomo unamkauka. Mama akajibu, "Mkavu kama nimelamba unga." Akaomba aone dawa zote anazotumia, nikamwaga mfuko wa rambo mezani: za presha, mojawapo ile ya kukojosha, diklofenaki ya magoti, amitriptilini, na karatasi ya piritoni alizokuwa akinunua dukani ili apate usingizi. Muuguzi akazisukuma piritoni kando kwa kidole. Hizo na amitriptilini, alisema, zinakausha mdomo na kufunga choo kwa njia moja, na mzee akizimeza pamoja anaweza hata kuchanganyikiwa. Amitriptilini nayo inaishusha presha mtu anaposimama.

Daktari akaagiza vipimo vya tezi ya shingo na vya chumvi ya damu, kwa sababu tezi ikilegea inaleta uzito unaofanana kabisa na sonona. Amitriptilini ikapunguzwa hatua kwa hatua, ikaanzishwa fluoksetini, dawa nyingine ya sonona. Chumvi ya damu ikapimwa tena baadaye, maana dawa hiyo ikikutana na ile ya kukojosha inaweza kuishusha. Mama akaanza kula, lakini kuzungumza bado. Daktari akataka kuongeza dawa ya pili, dozi ndogo, ya jamii ya zile wanazopewa wenye maradhi makubwa ya akili. Kundi la familia likawaka moto. Kaka yangu mkubwa akaandika, "Sasa ndiyo mnamwandalia Mirembe?", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Tukabishana siku nzima. Mama mwenyewe ndiye aliyesema nipeni ninywe.

Muuguzi naye alikuwa na agizo lake. Alimuuliza alikuwa akifanya nini zamani asubuhi. Kusuka mikeka. Basi kila siku asuke ukili kidogo, pima moja tu, apende asipende, na jirani aje kuukagua. Wiki za kwanza alisuka akinung'unika, kingo zimepinda. Nilipokwenda tena nilimkuta anamgombeza jirani kwa kuchanganya rangi za ukindu.

Ni dawa au ni ukili? Sijui kuvitenganisha, na simwamini anayevitenganisha haraka. Uganda, kule Masaka na Rakai, tiba ya mazungumzo ya vikundi ilipunguza sana sonona vijijini, na utafiti wake ulichapishwa 2003. Lakini kuna mwingine wa 2023, wa wazee wa Marekani na Kanada ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Walioongezewa aripiprazoli, ya jamii ile ile aliyoitaka daktari wetu, juu ya dawa yao walipona kabisa kama 29 katika kila 100. Waliobadilishiwa wakapewa bupropioni, dawa nyingine ya sonona, peke yake walikuwa kama 19. Walioongezewa bupropioni walipona karibu sawa na wale wa kwanza, ila ndio walioanguka zaidi. Maana yake wengi hawakupona kabisa, na mzee anayeanguka ovyo anaweza kuvunjika nyonga.

Kwa hiyo, Mhariri, nimeanza kwa kusema watoto warudi, na bado warudi. Lakini kama nauli ni moja, ya nyinyi kwenda Idd au ya mzee kwenda kliniki, mpeni mzee. Chukueni na mfuko wa dawa zote, za dukani na za mizizi. Dawa ya pili msiikatae kwa jina lake tu. Mzee aliyefikia kukataa chakula na maji asisubiri zamu, na daktari akitaja tiba ya umeme wa kichwani msikimbie. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza, na wazee inawafaa sana.

Litiamu tu, dawa nyingine ambayo daktari anaweza kuiongeza juu ya ile ya sonona, ndiyo ningeuliza mara mbili: je, hospitali ina kipimo cha kiwango chake kwenye damu? Dawa ya presha ya kukojosha na diklofenaki, zote mbili zilizokuwa kwenye rambo la mama, hukipandisha kiwango hicho. Kama kipimo hakuna, mimi ningekataa.